Mwenye ulemavu akijisemea, mtaji haupotei njiani

Katika magulio mengi ya vijijini tukio hili ni la kawaida. Mkulima asiyeona amefika na magunia yake ya mahindi, ameshikwa mkono na kijana wa kaka yake. Mnunuzi anamwamkia kwa heshima zote, "Shikamoo mzee," kisha anamgeukia kijana na kumuuliza: "Huyu mzee anauza kwa shilingi ngapi?" Kuanzia hapo bei inapangwa na kijana, uzito unasomwa na kijana, na fedha zinahesabiwa mkononi mwa kijana. Mzee aliyelima, aliyewalipa vibarua wa kupalilia na aliyejua tangu alfajiri anataka bei gani, amesimama pembeni kama gunia jingine lililoshushwa sokoni.

Huenda kijana huyo ni mwaminifu kabisa. Lakini hajui kwamba mzee anadaiwa mbolea, wala hajui kwamba jirani amemweleza jana kuwa bei ya kijiji cha pili imepanda. Yeye anataka kumaliza haraka arudi kwenye shughuli zake, kwa hiyo anakubali bei ya kwanza. Mzee amepata hasara, na hakuna aliyemwibia.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii inaeleza vizuri kwa nini mtu mwenye ulemavu anapaswa kuwa msemaji wa shamba lake, duka lake na mkopo wake. Haki za binadamu zimezungumzwa sana, na ni vema ziendelee kuzungumzwa. Makala haya yanatazama upande ambao wakulima na wafanyabiashara wadogo wanaufahamu zaidi, yaani upande wa fedha: nani anazungumza, nani anasaini, na fedha zinaishia mfuko wa nani.

Hasara isiyoandikwa daftarini

Utafiti wa watu wenye ulemavu uliofanywa nchini Tanzania mwaka 2008 ulionyesha kuwa asilimia 7.8 ya watu wenye umri wa miaka 7 na kuendelea walikuwa na ulemavu wa aina fulani. Kwa lugha nyepesi, katika kila watu 100 wa umri huo, karibu 8 wana shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana. Hakuna kijiji wala soko lisilo na watu hao. Wapo wanaolima, wapo wanaofuga kuku, wapo mafundi viatu, washonaji na wauza mbogamboga.

Tuchukue mfano wa mzee yule wa mahindi. Ameleta magunia 15. Kila gunia limejazwa lumbesa, likiwa na kilo 15 za ziada ambazo hazikuhesabiwa. Hizo ni kilo 225. Ikiwa bei ya siku hiyo ni Sh600 kwa kilo, mzee ameacha Sh135,000 gulioni kwa siku moja. Fedha hizo zingetosha kulipia sehemu nzuri ya pembejeo za msimu unaofuata. Mkulima anayeona naye hupunjwa kwa lumbesa, hilo halina ubishi. Tofauti ni kwamba yeye anaweza kugomba. Asiyeona ambaye mazungumzo yote yamepita juu ya kichwa chake hajui hata kama kuna la kugombea.

Hasara hiyo huongezeka inapofika kwenye vikundi. Kiziwi anayehudhuria mkutano wa ushirika bila mkalimani wa lugha ya alama anatoka akiwa hajui kuwa makato yamepanda. Mwenye baiskeli ya magurudumu matatu anakosa mkutano kwa sababu umefanyika ghorofani. Mkulima mwenye ualbino anaacha siku ya kupokea pembejeo kwa sababu foleni imepangwa saa sita mchana juani, na jua kwake linaweza kuleta saratani ya ngozi. Kila mmoja wao ni mwanachama aliyelipa kiingilio, lakini anapata huduma nusu.

Kujitetea maana yake nini

Watu wengi wanaposikia neno utetezi hufikiria mwanasheria mahakamani au maandamano mjini. Utetezi unaozungumzwa hapa huanzia mbali zaidi ya hapo. Ni mtu kusema mwenyewe anachotaka, kueleza kinachomzuia, kuuliza sababu anapokataliwa, na kudai jibu. Akifanya hivyo kwa ajili yake, amejitetea. Ndugu, rafiki au chama kikisimama pamoja naye ili sauti yake isikike, huo ni msaada wa utetezi.

Kwa wenye ulemavu wa akili jambo hili lilionekana kwa muda mrefu kuwa haliwezekani. Mwaka 1974, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, kikundi cha watu wenye ulemavu huo waliokuwa wamekulia katika taasisi za matunzo kilianzisha umoja ulioitwa People First, yaani kwanza wao ni watu, ulemavu ufuate baadaye. Waliendesha mikutano yao wenyewe, na wasaidizi walikaa pembeni wakisubiri kuulizwa. Mtindo huo ulienea katika nchi nyingi.

Hapa nchini vyama vya watu wenye ulemavu vina historia ndefu. Chama cha wasioona, TLB, kilianzishwa mwaka 1964, miaka michache tu baada ya Uhuru. Chama cha watu wenye ualbino kilifuata mwaka 1978. Kuna CHAVITA kwa ajili ya viziwi, na kuna SHIVYAWATA, shirikisho linalounganisha vyama hivyo. Matunda ya sauti hizo yameonekana hadi bungeni. Mwaka 2010 wapiga kura wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfan Barwany, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wao. Mwaka 2015 Dk Abdallah Possi, ambaye pia ana ualbino, aliteuliwa kuwa naibu waziri.

Hata hivyo, mbunge mmoja hawezi kusimama kwenye kila mzani wa kila gulio. Huko lazima asimame mwenye mazao.

Sheria ziko upande gani

Mkulima mwenye ulemavu anayetaka kujisemea haanzi mikono mitupu. Zipo sheria nne ambazo kila familia yenye mtu mwenye ulemavu ingefaa izijue kama inavyojua msimu wa kupanda.

Ya kwanza ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kifungu chake cha 20 kinasema mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi ni batili. Tuseme baba amefariki na kuacha eka 4. Ndugu wamekaa na kugawana, na binti aliye kiziwi ameambiwa kwa ishara kwamba yeye atakaa kwa kaka yake mkubwa, hahitaji shamba. Wazee wakisema ndiyo mila ya ukoo, sheria inasema mila hiyo haina nguvu. Binti ana haki ya kulifikisha suala hilo kwenye baraza la ardhi la kijiji, na ana haki ya kuomba hatimiliki ya kimila yenye jina lake mwenyewe.

Ya pili ni Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 12 inagusa moja kwa moja mambo ya biashara. Inataka mtu mwenye ulemavu awe na haki sawa ya kumiliki na kurithi mali, kusimamia fedha zake na kupata mikopo ya benki. Inasema pia kwamba anayehitaji msaada katika kufanya uamuzi apewe msaada huo, na kwamba msaidizi asiwe mtu mwenye maslahi yanayogongana na ya anayesaidiwa. Kwa maneno mengine, kaka anayelima shamba la mdogo wake bila kulipa kodi hafai kuwa mshauri pekee wa mdogo huyo siku ya kujadili shamba hilo.

Ya tatu ni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Pamoja na mambo mengine, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Inaweka pia kamati za watu wenye ulemavu hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Katika vijiji vingi kamati hiyo haijulikani hata kwa wanaohusika. Swali la kwanza la kuuliza kwa mtendaji ni jepesi: kamati yetu ni akina nani, na ilikaa lini mara ya mwisho?

Ya nne ndiyo inayohusu mtaji, na inastahili nafasi yake.

Asilimia 2: fedha zina mwenyewe?

Mwaka 2018 Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ilirekebishwa ili kuzibana halmashauri zote zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Mgawanyo ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo fedha hizo zilitegemea zaidi hiari ya halmashauri. Baada ya hapo zikawa lazima.

Kanuni za mwaka 2019 zilitaka kikundi cha watu wenye ulemavu kiwe na wanachama wasiopungua 5, wakati vya wanawake na vijana vilitakiwa kuwa na 10. Marekebisho yaliyofuata yalilegeza masharti hayo ya idadi. Mwezi Aprili 2023 Serikali ilisimamisha utoaji wa mikopo hiyo ili kupanga utaratibu mpya, baada ya ukaguzi kuonyesha madeni mengi yasiyorejeshwa na vikundi visivyokuwepo. Utoaji ulirejeshwa mwaka 2024, ambapo halmashauri 10 zilichaguliwa kujaribu utaratibu wa kupitia benki na nyingine zikaendelea kwa utaratibu ulioboreshwa wa halmashauri zenyewe.

Hesabu ya mfano inasaidia kuona ukubwa wake. Halmashauri inayokusanya Sh2 bilioni za ndani kwa mwaka inapaswa kutenga Sh200 milioni. Fungu la watu wenye ulemavu ni Sh40 milioni. Vikundi vikiomba Sh4 milioni kila kimoja, ni vikundi 10 kwa mwaka, na marejesho yanaongeza vingine. Kwa kikundi cha ufugaji wa kuku, ushonaji au usindikaji wa karanga, huo si mtaji wa kudharau.

Tatizo la kwanza ni kwamba waombaji wengi hawafiki mezani. Tangazo limebandikwa ubaoni, asiyeona hakulisoma. Limetangazwa kwa kipaza sauti, kiziwi hakulisikia. Ofisi ya kata iko mbali na nauli ya bodaboda ya kwenda na kurudi ni kubwa kuliko faida ya siku mbili. Fungu lisipoombwa ipasavyo, mwaka unapita.

Tatizo la pili ni baya zaidi. Mtu mjanja anakusanya majina ya watu wenye ulemavu, anaandika katiba ya kikundi, anawaletea fomu ya kuweka dole gumba na kuwapa Sh10,000 ya soda. Mkopo ukitoka, yeye ndiye anayeendesha biashara. Mkopo usiporejeshwa, majina yaliyoko kwenye deni ni yale ya kwenye fomu. Anayedaiwa ni mtu ambaye hakuwahi kuona hata noti moja. Ni afadhali kukosa mkopo kuliko kukopewa namna hiyo.

Dawa ya matatizo yote mawili ni moja: wahusika wenyewe wakae, waandike wenyewe wanachotaka kufanya, wachague viongozi miongoni mwao na wawe watia saini wa akaunti. Kama katibu hawezi kuandika, amtafute mwandishi, lakini muhtasari usomwe kwa sauti mbele ya wote na kutafsiriwa kwa ishara kabla ya kusainiwa. Fomu isiyoeleweka isisainiwe. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye wa kuulizwa masharti ya sasa, na aulizwe pia kama mzazi wa mtoto mwenye ulemavu anaruhusiwa kuingia kikundini na kwa masharti gani. Maswali hayo hayana malipo.

Mzani, simu na kalamu

Kujitetea hujifunzwa kwa vitendo, na sokoni ndipo darasa lake. Mkulima asiyeona anaweza kuweka utaratibu wake kabla ya msimu. Apime magunia nyumbani kwa debe analolijua, na ayafunge kwa fundo lake mwenyewe ili ajue kama yamefunguliwa. Mzani usomwe kwa sauti, gunia kwa gunia, mbele ya shahidi aliyemchagua yeye. Mnunuzi amjibu yeye. Akimgeukia kijana, mzee aseme bila hasira: "Mwenye mali ni mimi, zungumza nami." Mara ya kwanza watu watashangaa. Msimu wa tatu watakuwa wamezoea.

Kiziwi muuza nyanya hahitaji mtu wa kumsemea siku nzima. Ubao mdogo wenye bei, kikokotoo cha simu na ujumbe wa maandishi vinamaliza shughuli nyingi. Kinachohitaji mkalimani ni mkutano wa makato, mkataba au mafunzo ya afisa ugani. Akiulizwa ni siku zipi hasa anahitaji mkalimani, kikundi kitaona gharama ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa.

Fedha za simu nazo zina mtego wake. Wasioona wengi humpa wakala au mtoto wa jirani namba ya siri ili awasaidie kutoa fedha. Namba ya siri iliyojulikana na watu watatu si siri tena. Ni heri kutumia muda kujifunza kuitumia simu kwa kuhesabu vitufe au kwa simu inayosoma maandishi kwa sauti, hata kama itachukua mwezi mzima. Kwa asiyeweza kabisa, achague mtu mmoja, na meseji za miamala zisomwe kila wiki na mtu wa pili. Huyo wa pili ndiye mkaguzi wake wa hesabu.

Hesabu ya mama mwenye mtoto

Ulemavu hauwi wa mtu mmoja nyumbani. Mama mwenye mtoto wa mtindio wa ubongo anayehitaji kulishwa na kugeuzwa hawezi kwenda gulioni kila siku. Mara nyingi baba ameondoka, au ukoo umemwachia mama lawama na mzigo kwa pamoja. Mama huyo naye anahitaji kujisemea, na mwanawe anahitaji mama mwenye kipato.

Tuseme mama huyo anauza vitumbua na faida yake ni Sh6,000 kwa siku. Kwa sababu ya mtoto, anafanya kazi siku 2 kwa wiki. Anapata Sh12,000. Sasa wamama 6 wa kata moja wenye hali kama hiyo wakikubaliana kupeana zamu, kila mmoja awatunze watoto wote siku moja akisaidiwa na bibi mmoja wa jirani, kila mama anabakiwa na siku 5 za biashara na Jumapili ya kupumzika. Mapato yake ni Sh30,000 kwa wiki. Ongezeko ni Sh18,000 kwa wiki, sawa na Sh936,000 kwa mwaka. Kila mmoja akichangia Sh2,000 kwa wiki kwenye mfuko, kikundi kina Sh624,000 baada ya mwaka mmoja, kabla hakijaomba mkopo wowote.

Hesabu ya vijiji vyote haitalingana na hii. Kuna watoto wanaohitaji uangalizi mkubwa kiasi kwamba mtu mmoja hawezi watoto sita, na hapo zamu iwe ya wawili wawili. Lakini wamama waliokaa pamoja kwa sababu ya zamu hugundua mambo mengine. Hugundua kwamba wote waliambiwa na shule kuwa hakuna nafasi. Mmoja akienda peke yake kwa mwalimu mkuu anaonekana msumbufu. Wakienda sita na barua moja, ni ajenda.

Na watoto hao hukua. Kijana mwenye ulemavu wa akili anayeweza kulisha kuku, kuokota mayai na kuyapanga kwenye trei anafanya kazi ya kuzalisha. Aulizwe anataka kununua nini kwa sehemu yake ya mauzo. Pengine atasema soda na kofia. Si vibaya. Mwezi unaofuata atauliza mayai yamebaki mangapi, na hapo somo la biashara limeanza.

Msaidizi asigeuke msemaji

Familia nyingi humsemea mtu mwenye ulemavu kwa upendo. Zinaogopa atadanganywa, ataibiwa, atachekwa. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa matapeli wapo. Lakini anayefichwa na kusemewa maisha yake yote ndiye rahisi zaidi kuibiwa siku msemaji wake atakapofariki au kubadilika. Kinga yake ni mazoezi, na mazoezi yaanze na mambo madogo.

Kwanza, aulizwe yeye kabla ya wengine kutoa maoni, na asubiriwe. Mwenye kigugumizi au mwenye ulemavu wa akili anaweza kuhitaji dakika tano kujibu jambo ambalo wengine hujibu kwa sekunde. Dakika tano hazimalizi msimu.

Pili, safari ya benki au ya ofisi ya kata ipangwe nyumbani usiku uliotangulia. Atasema nini, ataulizwa nini, atajibu nini, ni karatasi gani abebe. Hata mfanyabiashara mkubwa hujiandaa kabla ya kumwona meneja.

Tatu, msaidizi akae pembeni yake au nyuma yake, asikae katikati yake na afisa. Afisa akimuuliza msaidizi, jibu liwe moja: "Muulize mwenyewe, mimi nimemsindikiza tu."

Nne, fedha zipokelewe na mwenyewe. Kama anahitaji ulinzi, awe na watia saini wawili, au aanze na kiasi kidogo, lakini asipokonywe mkoba kwa jina la ulinzi. Akifanya kosa la Sh5,000 akajifunza, hiyo ni ada nafuu ya shule.

Tano, makosa yake yahesabiwe kama ya wengine. Mkulima asiye na ulemavu akipata hasara kwenye matikiti huambiwa pole, ajaribu tena. Mwenye ulemavu akipata hasara hiyo hiyo huambiwa aliambiwa asijaribu.

Kazi ya wanunuzi na viongozi wa ushirika

Wafanyabiashara na viongozi wa AMCOS wanaweza kudhani mambo haya ni ya ustawi wa jamii, hayawahusu. Yanawahusu kwa sababu ya mzigo. Mwanachama anayeelewa bei na makato hupeleka mazao yake ghalani. Asiyeelewa humuuzia mlanguzi wa kwanza anayepita nyumbani, na ushirika unakosa tani na ushuru wake.

Marekebisho mengi hayagharimu fedha. Mkutano ufanyike chini ya mwembe badala ya ghorofani. Mzani usomwe kwa sauti kwa kila mtu, na hapo hata wanaoona watanufaika. Foleni ya pembejeo ianze saa moja asubuhi, na mkulima mwenye ualbino apewe nafasi ya kivulini. Mafuta ya kukinga ngozi aina ya Kilisun, yanayotengenezwa Moshi katika hospitali ya KCMC, yanasaidia, lakini hayaondoi haja ya kivuli, kofia pana na mikono mirefu. Taarifa za bei zitumwe kwa meseji na zitangazwe kwa sauti pia, ili anayekosa njia moja apate nyingine.

Hujafa hujaumbika, wanasema wazee. Mkulima mwenye miguu miwili leo anaweza kupata ajali ya bodaboda kesho, na macho ya ujana huingia ukungu uzeeni. Njia inayotengenezwa leo kwa ajili ya jirani ndiyo atakayoipita mwenyewe baadaye.

Kwa mujibu wa sheria za serikali za mitaa, mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe. Hakuna sifa ya kuona, kusikia wala kutembea. Mtu mwenye ulemavu akifika kwenye mkutano ujao na swali moja tu, kwamba fungu la asilimia 2 la halmashauri yetu mwaka huu ni shilingi ngapi na limekwenda kwa nani, atakuwa ameanza. Aliyemsindikiza anyamaze, amwache aulize, na mwenyekiti amjibu yeye.